Nikishatenganisha, Nampa Nani?



Mwezi uliopita vijana wa kwetu Kibaha tuliwatembelea wenzetu wa Kisarawe, tukasali jumuiya nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima. Tunafika, nyuma ya jiko moshi mzito: anachoma chupa za maji na pakiti za biskuti. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, plastiki haichomwi, inatenganishwa." Akaniangalia kwa upole. "Sawa, mwanangu. Nikishatenganisha, nampa nani?"

Sikuwa na jibu.

Sisi tunakaa karibu na barabara ya Morogoro. Vijana wa makopo wanapita na magunia, wanachukua chupa wakaziuze kwa kilo. Nyumbani tunaziweka pembeni, na nilikuwa naihesabu hiyo kama fadhila yangu. Kumbe sehemu kubwa ya fadhila yenyewe ni barabara! Pampasi na pakiti za biskuti, ambazo hazina mnunuzi, na sisi tunatupa shimoni tu.

Hata mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, hatukuongoka usiku mmoja. Dukani haikuwepo, basi tukazoea kubeba kikapu.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa 2015, anataja kutenganisha taka kati ya matendo madogo ya kila siku ya kutunza viumbe. Je, asiye na pa kuzipeleka anatenda dhambi? Moshi ule unaingia kwa jirani mwenye watoto, na haugeuki kuwa mwema kwa sababu gari la taka halifiki. Lakini Yesu alipowalisha wale 5,000 akaagiza mabaki yakusanywe, vikapu 12 vilikuwepo. Mimi nilimpelekea mama agizo bila kikapu, kisha nikarudi nyumbani najiona msafi, kama yule Farisayo hekaluni.

Tulirudi na magunia mawili. Sasa chupa za jumuiya zinakusanywa pale, na mwisho wa mwezi bodaboda anazifikisha kwa mnunuzi. Nauli inakula karibu hela yote, tusidanganyane. Mama amejaza gunia lake. Pakiti za biskuti bado anachoma, ila anasubiri kwanza watoto wa jirani waende shule.