Haki ya Mfanyakazi

Mwaka 1933, katika nchi ya Marekani, karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne alikuwa hana kazi. Serikali ya Rais Roosevelt ikaweka sheria: mwaka 1935 malipo ya uzeeni, na mwaka 1938 mshahara usiopungua senti 25 kwa saa. Hiyo ni haki, si sadaka. Papa Pio XI alikwisha kufundisha mwaka 1931 kwamba mshahara umtoshe mfanyakazi pamoja na jamaa yake.

Lakini angalieni! Vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, na kati yao watu weusi wengi, waliachwa nje. Je, Mtakatifu Yakobo hakuwataja hasa wavunaji walionyimwa ujira? Walilisha wenzao, wakalea watoto wa wenzao, wakangoja hata mwaka 1950, ndipo sheria ya uzee ilipoanza kuwapokea.