Wafu Hawamo Kwenye Wastani

Tauni ilipoingia Uingereza mwaka 1348, iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wake kwa muda mfupi. Mazao yakakosa wavunaji. Vibarua walionusurika wakadai ujira mkubwa, na hata Sheria ya Vibarua ya 1351, iliyotaka kuurudisha ujira palepale ulipokuwa kabla ya tauni, haikuwazuia kwa muda mrefu. Wajukuu wao walikula nyama zaidi kuliko mababu zao wa kabla ya tauni. Mwanahistoria Thorold Rogers aliiita karne ya 15 enzi ya dhahabu ya kibarua wa Kiingereza.

Dhahabu hiyo ilikuwa ya nani? Pato la kila mtu hupatikana kwa kugawa pato la nchi kwa idadi ya watu. Mtu asiye na kipato akifa, wastani wa waliobaki hupanda. Mtoto akizaliwa, hushuka siku hiyohiyo, ijapokuwa nyumba nzima inapiga vigelegele. Hesabu haina kosa lolote. Ila inawauliza walio hai peke yao, na waliokufa hawana pa kujibia.

Mwaka 1798 Thomas Malthus aliandika kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, kisha njaa na maradhi huwapunguza. Kwa karne nyingi zilizomtangulia, maneno yake yana ukweli mchungu. Lakini tazama Tanzania. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ile ya 2022 milioni 61.7. Umri wa kuishi, uliokuwa takriban miaka 45, sasa umepita 65. Watu wameongezeka mara tano na maisha yamerefuka, kwa sehemu kubwa kwa sababu watoto waliokuwa wakizikwa na surua na kuhara sasa wanapona. Kwenye wastani wa pato, watoto hao wanaonekana kama mzigo. Mimi nasema wao ndio maendeleo yenyewe: miaka ya kuishi ni mali, hata kabla haijazalisha shilingi.

Je, basi kila ongezeko la watu ni heri? Hapana. Mama anayebeba mimba ya saba asiyoitaka anahatarisha uhai wake, na miaka yake nayo ni mali ileile. Anayedai kuwapenda watoto wanaozaliwa, huku akimnyima mama huyo uzazi wa mpango, naye amemwacha mtu nje ya hesabu.