Ridhaa ya Mdogo mbele ya Mkubwa

Katika fikihi ya Kiislamu, mkataba husimama juu ya ridhaa. Aliyelazimishwa hafungwi na ahadi yake. Je, nchi ndogo inaweza kuridhia kweli mbele ya dola kubwa?

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani ya Mrima, Tanga na Pangani zikiwemo. Saini ilikuwa yake, lakini mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri la mtangulizi wake, Barghash. Ni vigumu kuiita hiyo hiari. Wapangani, ambao hawakuulizwa kabisa, waliasi chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889.

Shinikizo la misaada ni gumu zaidi kulihukumu, kwa kuwa halina mizinga. Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ya 1964 ilipokea ubalozi wa Ujerumani Mashariki, jambo ambalo Ujerumani Magharibi ililipinga, na baada ya Muungano na Tanganyika mzozo huo ukahamia Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi. Rais Nyerere wa Tanzania akaikataa na misaada mingine ya serikali hiyo.