Chumba cha Mwanafunzi

Neno la mwezi: 2 Wafalme 4:8-13

Twasoma habari ya mama mmoja wa Shunemu. Alimwona Elisha, mtumishi wa Mungu, akipita mara kwa mara mlangoni pake. Mwanzo alimpa chakula. Kisha akatambua ya kuwa chakula hakitoshi, maana aliye safarini ahitaji pia mahali pa kulaza kichwa. Akasema na mumewe, wakamjengea chumba kidogo, wakatia ndani vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa.

Viangalieni vitu hivyo. Kitanda ni cha kupumzikia. Bali meza, kiti na taa ni vya mtu asomaye. Mama yule hakujenga jumba la fahari. Aliijua haja ya mgeni wake, akampa hiyo. Mwanafunzi wa chuo akiulizwa leo atafuta nini katika mitaa ya Kariakoo, atavitaja hivyo hivyo vinne, na cha tano ni kufuli mlangoni.

Kila mwaka vyuo vifunguliwapo, vijana wetu hushuka kutoka mikoani na masanduku yao. Karibu na Kariakoo kipo Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanza mwaka 1965. Ipo Taasisi ya Teknolojia, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1957. Kipo na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mabweni hayawatoshi wote. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopata mwaka 2017 mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, hakiwezi kuwalaza wanafunzi wake wote. Basi wengi hutafuta chumba mitaani. Dalali huwaongoza, naye hutaka ujira wake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo. Na mkopo wa Serikali, kwake yeye aliyeupata, hutolewa kwa mafungu. Mtoto wa mkulima atatoa wapi kodi ya nusu mwaka siku ya kwanza?

Ndugu zetu, mtaa huu waujua ugeni tangu mwanzo. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914-1918, waliopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuushika mji mwaka 1916. Baadaye zikajaa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na ua nyuma. Humo wengi waliotoka bara walipata chumba kimoja, wakaanza maisha. Hata Chuo Kikuu chenyewe kilianza katika nyumba ya mwingine: kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, barabara ya Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964. Leo nyumba nyingi za zamani zimebomolewa, yamesimama maghorofa, na vyumba vingi vyakaliwa na marobota ya nguo, kwa kuwa bidhaa hulipa kuliko mtu. Hatusemi ya kuwa biashara ni dhambi. Twauliza tu: je, katika nyumba zetu robota lina mahali, na mgeni hana?

Wala hatuwanyoshei wengine kidole, maana hatuna budi kuliungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja alitujia binti wa mwaka wa kwanza, ameshika barua ya mchungaji wake. Alikuwa amempa fedha zake mtu aliyejiita dalali, akaonyeshwa chumba. Aliporudi na sanduku, kumbe chumba kina mwenyewe, na yule mtu hayupo. Tulimhurumia sana. Tukaomba pamoja naye, tukampa nauli, tukamwambia ya kuwa Bwana atafungua mlango. Akashukuru, akaenda zake.

Jioni mzee mmoja wa kanisa, mama mjane, akatuuliza kwa upole, "Baba mchungaji, kile chumba cha uani kina nini?" Tukamjibu, "Kina mabenchi mabovu, mama." Hakuongeza neno. Usiku ule hatukupata usingizi, kwa kuwa tulimwomba Mungu afungue mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwetu.

Asubuhi tulimtafuta kwa simu. Alikuwa amelala bwenini, kitanda kimoja na rafiki yake, jambo ambalo wanafunzi huliita kubebana. Tena mwanamume mmoja mwenye duka alikuwa amekwisha kumwahidi kumlipia kodi yote. Ndugu, mwajua fadhili ya namna hiyo hudaiwa nini baadaye. Tunamshukuru Mungu kwamba alikuwa hajamjibu. Siku ile mabenchi yakatolewa, yule mjane akaleta godoro, na binti akakaa, akilipa kila mwezi alichoweza.

Basi, ninyi mlio na nyumba, pokeeni kodi ya mwezi au ya muhula, iwezekanavyo. Mapatano yaandikwe mbele ya shahidi, maana upendo hauogopi karatasi. Ninyi wazee wa kanisa, vyuo vikifunguliwa, kaeni mlangoni siku ya Jumapili mkiwa na orodha ya vyumba mnavyovijua, vya watu mnaowajua. Nanyi wanafunzi, msitoe fedha kabla hamjamwona mwenye nyumba mwenyewe na kuuliza kwa serikali ya mtaa. Mkiisha kupata chumba, mkumbukeni Paulo, aliyekaa Rumi miaka miwili katika nyumba aliyoipanga, akawapokea wote waliomwendea (Matendo 28:30). Mpangaji naye aweza kuwa baraka katika nyumba ya watu. Elisha hakulala bure tu na kunyamaza. Alimwuliza mama yule amtendee nini.

Bwana wetu naye alizaliwa pasipo nafasi katika nyumba ya wageni, na usiku wa mwisho alikula Pasaka katika chumba cha mwingine. Mwenye chumba kile hatulijui jina lake, lakini mlango wake ulifunguliwa, na Kanisa lote lingali likila katika meza ile.

Ee Bwana, utuonyeshe chumba tulichokifunga, ututie moyo wa kukifungua. Uwalinde watoto wetu walio ugenini. Amin.