Fungu la Ndege katika Bustani

Mtu aliyepanda mpapai uani pake, kisha akaamka asubuhi akalikuta papai lililoiva limetobolewa na shore, hujiona amedhulumiwa, kana kwamba mti ule, na mvua ya masika iliyounywesha, na udongo aliourithi kwa wazee wake, vyote ni milki yake pasi na mshirika. Lakini iko hadithi ya Mtume, aliyoipokea Anas bin Malik na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wala haikushurutishwa kwamba mpandaji awe amemkaribisha mlaji huyo, au hata awe na habari naye.

Ikiwa ni hivyo, ana hali gani yule apandaye makusudi ili ndege wamjie, naye akaburudika kwa sauti zao? Wako watakaosema kwamba amali hulipwa kwa nia, na nia ya huyu ni starehe yake. Mimi sioni kwamba furaha huibatilisha sadaka. Kinachoiharibu ni tamaa ya kumiliki. Kweli, mafakihi wengi wamejuzisha kumfuga ndege tunduni kwa hoja ya kisa cha Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kindege na Mtume asimkataze, madhali analishwa na kunyweshwa. Hata hivyo, Sura ya Al-An'am, katika aya ya 38, imewataja ndege kuwa ni umma mfano wetu, na sijui ni umma gani upendao kuishi ndani ya fito.

Bustani haihitaji tundu, bali yahitaji mwenyewe aliye radhi kuacha. Auache mgomba utoe ua lake, chozi aje kunyonya utamu wake. Aache pembe moja ya ua bila kufagiwa, nyasi zipevuke, tetere waokote mbegu. Ua wa mchongoma asiupogoe ndege wanapolalia mayai. Wala asinyunyizie sumu, kwa kuwa hata ndege wengi walao nafaka huwalisha makinda yao wadudu. Na wakati wa kaskazi, jua linapounguza, aweke kigae cha maji kina cha kidole kimoja, ayabadilishe kila siku, asije akawafuga mbu badala ya ndege.

Limebaki suala la kunguru, nalo ni zito, kwani hula mayai na makinda ya wenziwe wadogo. Sheria yenyewe imemhesabu miongoni mwa wanyama wenye madhara waruhusiwao kuuawa hata katika Haram ya Makka. Basi huruma ya bustani haimlazimu mtu kumkirimu kila ajaye. Lakini kunguru wa Bara Hindi hakuja Unguja kwa hiari yake: aliletwa na wakubwa wa serikali katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na taka hizo ndizo zimlishazo mpaka leo. Kumlaani yeye na kuliacha jaa wazi si insafu. Ewe msomaji utakaye shore na chozi uani pako, kabla hujanunua mche wowote, lifunike jaa lako.