Shika Mkasi, Mwasumini Uchanue

Una ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi? Huna ukuta, lakini una ndoo ya lita 20 iliyotoboka? Basi ya nini kuhangaika kununua asumini kila harusi ikikaribia? Panda wako!

Usiniambie huna mkono wa kupandia. Mwasumini asili yake ni Asia ya kusini. Ulivuka Bahari ya Hindi, ukashika Unguja, Lamu na Mombasa, hata leo kikuba cha maua ya kunukia bila asumini hakijakamilika. Mmea uliovuka bahari utashindwaje na uwanja wako?

Mbegu usizitafute, tafuta kijiti. Chagua tawi lisilo changa mno wala gumu kama kuni. Kata sentimita 15 hivi, chini kidogo ya fundo, pukutisha majani ya chini, bakiza mawili matatu juu. Kichomeke kwenye udongo tifutifu wenye mchanga, ukiweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya wiki sita hivi, kivute taratibu kwa vidole viwili: kikigoma kutoka, kimeshika mizizi. Kihamishie penye jua la saa sita kwa siku, kwenye udongo wenye samadi iliyooza. Kikirefuka, yafunge matawi kwenye waya kwa kamba laini, maana mwasumini hauna nyuzi za kujisokota wenyewe.

Hapa sasa ndipo wengi wanapolegea. Mmea ukishajaa waya wanauonea huruma, hawataki kuugusa. Miaka inapita, matawi yamezongana, majani tele, maua ya kuhesabu. Usiuonee huruma! Asumini huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya. Kwa hiyo kila maua yanapopungua, shika mkasi, punguza thuluthi ya urefu, kisha upe samadi na maji. Chini ya pale ulipokata patachomoza machipukizi, na ncha zake ndizo zitakazobeba maua. Anayeogopa kukata asilalamike kukosa!

Na maua yakija, yawahi. Chuma alasiri jua likipoa, vitumba vikiwa vimenenepa na kuwa vyeupe lakini havijafumbuka. Vitunge uzini saa kumi na moja. Usiku vitafumbukia kwenye nywele, na nyumba nzima itanukia. Ukingoja mpaka kesho yake, mengi utayaokota chini.

Usisubiri masika, wala usisubiri kuhamia nyumba yako mwenyewe. Ndoo unahama nayo! Leo hii piga hodi kwa jirani mwenye mwasumini: "Shikamoo mama, naomba kijiti kimoja." Wala usione haya, humpunguzii kitu: kila ncha unayomkatia inampa nafasi ya machipukizi na maua mengine. Nenda, na mkasi uende nao.