Simba, Nyumbu na Swali la Mtoto

Soma kwa Somo Hili: Mwanzo 1:29–31, 2:15, Zaburi 104:10–30, Hosea 4:1–3, Warumi 8:19–22, Isaya 11:6–9.

Wazo Kuu: Mungu anautunza ulimwengu ulioumizwa na dhambi, naye amempa mwanadamu sehemu katika utunzaji huo mpaka atakapovifanya vyote kuwa vipya.

Mtoto wa darasa la nne amefundishwa shuleni mnyororo wa chakula. Nyasi hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Nyumbu hula nyasi, simba humla nyumbu, na mzoga unaobaki humalizwa na fisi, tumbusi, wadudu na bakteria hadi urudi kuwa rutuba ya udongo. Sabato asubuhi mwalimu anafundisha juma la uumbaji na kusema kwamba Mungu aliviona vyote kuwa vyema sana. Mtoto ananyosha mkono: "Mwalimu, na simba akimla nyumbu, Mungu anaona ni vyema?"

Mwalimu anaweza kumwambia akae chini. Lakini swali lililozimwa Sabato halifi. Mtoto huondoka nalo, na moyoni huanza kuamini kwamba mambo ya kweli hufundishwa Jumatatu, na ya Sabato ni hadithi tu. Swali hili linastahili jibu.

Soma Mwanzo 1:29–31. Je, chakula cha kwanza cha wanadamu na wanyama kilikuwa nini?

Kilikuwa mimea. Damu haikuwa katika mpango wa mwanzo. Kwa hiyo si sahihi kumwambia mtoto, "Ndivyo Mungu alivyopenda tangu awali." Jibu hilo linamfanya Muumba kuwa mwanzilishi wa kifo. Paulo anafundisha katika Warumi 8:19–22 kwamba uumbaji wote unaugua pamoja nasi ukingojea ukombozi. Simba naye ni sehemu ya uumbaji huo unaougua.

Soma Zaburi 104:10–30. Je, Mungu amewaacha viumbe wake baada ya dhambi kuingia?

Hapana. Mtunga zaburi anawaona wana-simba wakinguruma usiku, na anasema kwamba chakula chao wanakitafuta kwa Mungu. Anaona pumzi ikiondoka na viumbe wakirudi mavumbini, kisha anaona Roho wa Mungu akiufanya uso wa nchi kuwa mpya. Basi si sahihi pia kumwambia mtoto kwamba simba ni mnyama wa shetani. Mungu huyu huyu anaendelea kulisha, kupima na kuzuia.

Serengeti inaonyesha kipimo hicho. Nyumbu ni zaidi ya milioni moja, simba ni maelfu machache tu. Sababu ni kwamba kiumbe anapoliwa, kwa wastani ni sehemu kama moja tu ya kumi ya nguvu iliyomo inayobaki katika mwili wa mlaji. Nyingine hutumika katika kukimbia, kupumua na kutunza joto la mwili. Kwa hiyo nyasi lazima ziwe nyingi kuliko nyumbu, na nyumbu wengi kuliko simba. Hata katika dunia iliyoharibika, mlaji amewekewa mpaka.

Soma Mwanzo 2:15 na Hosea 4:1–3. Je, matendo ya mwanadamu yanawagusaje viumbe wengine?

Hosea anaonyesha kwamba dhambi ya watu huwafikia wanyama wa kondeni, ndege na hata samaki. Historia inathibitisha. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa kwa wingi, wafugaji wakafa njaa, na nyumbu na nyati nao wakaangamia. Kwa miaka mingi ugonjwa uliendelea kuwarudia wanyama wa porini, na ndama wa nyumbu walikufa wengi.

Kisha ng'ombe wa wafugaji wakachanjwa. Hakuna aliyewakimbiza nyumbu mbugani na sindano. Lakini ng'ombe walipokuwa salama, mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Idadi yao ikapanda kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Nyasi nyingi zikaliwa, moto wa mbuga ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora zaidi, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Mchanjaji aliyesimama kwenye zizi la mfugaji alimwokoa nyumbu ambaye hakumgusa, na mti ambao hakuupanda. Huo ndio mfumo ikolojia: uhai wa mmoja umefungwa na uhai wa wengine. Na hiyo ndiyo maana ya agizo la Edeni la kulima na kutunza. Halikufutwa mlango wa bustani ulipofungwa.

Soma Isaya 11:6–9. Je, mwisho wa simba ni upi?

Atakula majani kama ng'ombe, na mtoto mdogo atawaongoza wanyama. Hapo ndipo jibu la mwalimu linapokamilika: "Mwanzo haikuwa hivi. Sasa Mungu anahuzunika pamoja na viumbe wake, na bado anawalisha. Kesho haitakuwa hivi. Na leo, mwanangu, wewe ni mtunzaji." Mtoto aliyepewa jibu hilo ataweza kufungua daftari la sayansi Jumatatu bila kuifunga Biblia yake.

Maswali ya Kujadili

1. Watoto wa kanisa lenu huuliza maswali gani kuhusu wanyama, kifo na uumbaji? Je, hujibiwa au hunyamazishwa?

2. Kwa nini ni hatari kufundisha Mwanzo 1 bila Warumi 8? Na Warumi 8 bila Isaya 11?

3. Chagueni kiumbe mmoja aliye karibu na kanisa lenu: nyuki, mchwa au mti. Anamtegemea nani, na nani anamtegemea? Darasa la watoto linaweza kufanya nini Sabato hii ili kumtunza?